Kiingereza Kifuate Maarifa: Sayansi na Michezo katika Madarasa ya Kajiado

Mtoto anayelelewa Kitengela hujua mengi kabla hajapata maneno ya Kiingereza ya kuyaeleza. Huona maji ya mvua yakituama juu ya udongo mweusi unaong'ang'ania viatu. Siku chache za jua kali zikipita, maji hayapo na ardhi imepasuka nyufa. Mwenzake wa vijiji vya Kajiado humtambua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama, na huyajua malisho yanayostahimili kiangazi. Hiyo ni sayansi tayari. Hata hivyo, siku mwalimu anapoandika neno 'evaporation' ubaoni, mtoto yuyo huyo huinamisha kichwa kana kwamba hajawahi kuona maji yakikauka. Aliyekosa neno huhesabiwa kuwa amekosa akili.

Chanzo cha dhuluma hii si kigumu kukiona. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, imependekezwa kwamba mtoto wa Kenya aanze masomo kwa lugha inayozungumzwa katika eneo lake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulishikilia msimamo huo hadi gredi ya tatu. Kuanzia gredi ya nne, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Vijijini Kajiado lugha ya eneo ni Kimaasai. Kitengela, mji uliokusanya watu wa jamii nyingi, majirani huelewana kwa Kiswahili. Basi mtoto hufika gredi ya nne akakuta mizigo miwili imemngoja mlangoni: dhana mpya za sayansi, na lugha ngeni ya kuzibebea.

Mtaalamu Jim Cummins alibainisha mwaka 1979 kwamba lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo ni mambo mawili. Mtoto aweza kusalimu na kuomba ruhusa kwa Kiingereza kizuri, lakini asiweze kueleza kwa nini chuma hushika kutu. Ya pili huchukua miaka mingi zaidi kukomaa. Kwa hiyo kumkaririsha mtoto maamkizi na orodha za msamiati hakumwandai kwa somo la sayansi. Linalofaa ni kulifanya somo la Kiingereza lenyewe lizungumzie sayansi ambayo mtoto amekwisha kuiona kwa macho yake.

Uvukizaji ni mfano mwema. Mwalimu hahitaji maabara. Sahani mbili zenye maji ya kiasi kimoja zatosha: moja iwekwe juani, nyingine kivulini. Kwanza wanafunzi wabashiri kwa lugha waliyo nayo ni ipi itakauka mapema. Kisha wapewe maneno machache ya Kiingereza ya jua, kivuli, kukauka na mvuke, wayatumie kusema walichobashiri, na baadaye walichokiona. Somo hilo laweza kupanuliwa hadi Ziwa Magadi, lililo katika kaunti iyo hiyo. Jua huyavukiza maji ya ziwa hilo, nayo magadi yakabaki yakiwa tabaka jeupe. Wako watoto ambao wameyaona magadi hayo jikoni, yakitiwa katika maharagwe yaive upesi. Neno la Kiingereza likija baada ya hayo yote, huwa limepata pa kukaa.

Michezo nayo ina nafasi yake. Katika brikicho, anayetafuta wenzake aweza kutakiwa kutaja kwa Kiingereza alikomwona kila mmoja: nyuma ya mti, chini ya meza, kati ya madawati. Katika kati, mrusha mpira ataje kitu, naye mkwepaji aseme kama ni kiumbe hai au si hai. Tena iko enkeshui, mchezo wa Wamaasai ulio jamaa ya bao. Mchezaji wake hana budi kukadiria: nikianzia shimo hili, kete zangu zitaishia wapi? Hiyo ni sentensi ya sharti, na ndiyo sentensi ya mwanasayansi anayebashiri kabla ya kujaribu. Mtoto akiitamka mara ishirini mchezoni, hataiogopa katika mtihani.

Wapo watakaopinga. Walimu watasema madarasa yamefurika na silabasi ni ndefu. Wazazi watasema hawakulipa karo ili watoto wakacheze. Hoja ya walimu ni nzito, na haifai kupuuzwa. Lakini sahani mbili za maji hazichukui muda mrefu kuliko kunakili ufafanuzi wa ubaoni ambao itabidi ufundishwe upya muhula ujao. Ama mzazi, na amuulize mwanawe jioni alichojifunza. Aliyecheza akiwa na lengo atakuwa na la kusimulia.

Wapo pia wapenzi wa Kiswahili watakaouliza kwa nini chama chao kishughulikie Kiingereza. Jibu ni kwamba njia hii haiwezekani pasipo Kiswahili au Kimaasai. Kubashiri, kubishana na kueleza huanzia katika lugha ambayo mtoto anaimiliki. Kenya inakumbuka vizuri zama za kipande, mtoto alipoadhibiwa kwa kutamka neno la lugha ya mama shuleni. Adhabu hiyo ilizaa woga, na woga haujawahi kumfunza mtu kusema. Kwa upande mwingine, mradi ulioanzishwa mwaka 1970 huko Ife, Nigeria, chini ya Profesa Babatunde Fafunwa, uliwafundisha watoto masomo yote ya msingi, sayansi ikiwemo, kwa Kiyoruba kwa miaka sita, huku Kiingereza kikiwa somo. Watoto hao hawakubaki nyuma ya wenzao katika Kiingereza.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto wa Kajiado asilazimishwe kuutupa mbacha wake ndipo aruhusiwe kuukalia msala. Na ajifunze Kiingereza, tena kwa ufasaha. Lakini kimkute akiwa na maarifa yake mkononi na wenzake wa kucheza nao pembeni. Mwalimu anayetaka kuanza anahitaji sahani mbili, maji na jua, na jua Kajiado halijapata kuadimika.