Kibanda cha Sungura Kikae Kikavu

Umuganda wa Kigali huja mara moja kwa mwezi, asubuhi ya Jumamosi ya mwisho, lakini sungura aliye nyuma ya nyumba hawezi kuungoja. Urukwavu, kama aitwavyo kwa Kinyarwanda, huwafaa wenye viwanja vidogo: hapigi kelele, hula majani, na huzaa baada ya siku 31 hivi. Hata hivyo, watoto wake waliokwisha kuachishwa ziwa huweza kufa mmoja baada ya mwingine, wakiharisha na matumbo yamevimba, nao wenyeji wakasingizia majani mabaya. Mara nyingi kosa liko sakafuni.

Adui ni kijidudu kiitwacho koksidia. Hutoka pamoja na kinyesi akiwa bado hawezi kuambukiza. Huhitaji kwanza unyevu na joto kwa muda wa siku moja au zaidi. Hiyo ndiyo nafasi ya mwenye nyumba. Kinyesi kikiondolewa kila asubuhi, ugonjwa hukatwa kabla haujakomaa. Kikiachwa siku tatu, majani ya viazi yanayotupwa juu yake huwa sumu. Kwa hiyo chakula kitiwe katika kihori.

Klorini, ambayo wengi huiamini kupita kiasi, haimwui kijidudu huyu. Maji yanayochemka humwua. Tena klorini ikimwagwa juu ya mkojo, au ikichanganywa na siki, hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu ya mtu na ya mnyama. Askari awapo zamu na kazi hii ikiachwa kwa watoto, jambo hili waambiwe mapema, na maji ya moto yashikwe na mtu mzima. Sungura wakishahamishwa, sakafu ikwanguliwe, isuguliwe kwa sabuni, imwagiwe maji yanayochemka, kisha ianikwe. Utando mweupe wa mkojo hulainika kwa siki.

Kuanika ndiko kunakowashinda watu wakati wa Itumba, mvua za Machi hadi Mei. Yafaa zitengenezwe sakafu mbili za fito zinazochomoka: moja itumike, nyingine ikauke chini ya paa. Nafasi kati ya fito iwe sentimita moja hadi moja na nusu, ipitishe kinyesi bila kunasa mguu.

Kigali ni mji wa vilima, na mkojo ukiachwa uteremke humfikia jirani wa chini. Bati lililoinamishwa chini ya kibanda huupeleka ndooni, na ukizimuliwa kwa maji huwa mbolea ya mboga. Anayeinama mlangoni mwa kibanda akahisi macho yakimwasha, ajue kwamba sungura amevuta hewa hiyo usiku kucha. Mafua na kikohozi hufuata.

Uchafu mmoja tu usiwasumbue wenyeji. Sungura hula kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka mwilini, nacho humpa vitamini. Asizuiwe.

Ifikapo siku ya 28 ya mimba, sanduku la kuzalia liwe limekwisha kusafishwa, kukaushwa na kutiwa nyasi kavu, kwani watoto huzaliwa uchi na vipofu, na nyasi zenye maji huweza kuwaua kwa baridi usiku uleule wa kwanza.