Haki ya Kujaribu Kiatu

Yako maduka katika nchi yetu ya chai ambamo mpaka leo mnunuzi akitaka kutia kiatu mguuni, au koti begani, huambiwa, "Hapana, hapa hatujaribishi." Akiuliza sababu, hujibiwa kwa neno moja: korona. Mimi nasema kwamba jibu hilo limepitwa na wakati, na kwamba mwenye duka anayelitoa leo halindi afya ya mtu yeyote. Analinda faida yake.

Tusiwe wasahaulifu. Tarehe 13 Machi 2020, serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya, walikuwa wachache mno waliojua kwa yakini jinsi maradhi yale yanavyosafiri kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Mwezi ule ule wataalamu wa Marekani walitoa uchunguzi ulioonyesha kuwa virusi vyake huweza kudumu juu ya plastiki hata kufikia saa 72. Basi watu wakaogopa kila kilichoguswa na mkono wa mwingine. Serikali ikazuia mitumba isiingie nchini, na wenye maduka wakafunga vyumba vya kujaribia nguo. Walitenda lililowapasa. Katika giza lile, aliyekataza alikuwa mwenye busara kuliko aliyeruhusu.

Walakini elimu haikusimama mahali pamoja. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mitumba iliruhusiwa kuingia tena. Mwezi wa Aprili 2021 taasisi ya Marekani ya kuzuia magonjwa ilieleza kuwa hatari ya mtu kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida haifikii moja katika 10,000. Njia kuu ya maradhi ilikuwa pumzi na hewa. Amri ya kutotoka nje usiku iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, sharti la kuvaa barakoa mahali pa wazi likaondolewa Machi 2022, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dharura ya ulimwengu imekwisha. Amri zote hizo zilikufa. Ya dukani peke yake ndiyo iliyosalia hai! Tena huyo huyo anayekuogopea kiatu hupokea noti iliyopita katika mikono ya watu wasiohesabika, akailowesha kwa mate ya kidole chake ili aihesabu vizuri.

Sababu ya kweli huonekana mtu akiisoma risiti. Chini yake pamechapwa maneno tunayoyajua sote: mali ikishauzwa hairudishwi. Yaunganishe mambo haya mawili, mwanafunzi, uone yanavyofanya kazi pamoja. Kabla ya kulipa, huruhusiwi kujua kama kiatu kinakufaa. Baada ya kulipa, ukijua kuwa hakikufai, huruhusiwi kukirudisha. Basi hasara yote imewekwa kichwani mwa mnunuzi, na muuzaji amejitoa kabisa. Biashara ya namna hiyo imekaribia kuwa kamari, ila katika kamari mtu hujua kwamba anacheza.

Na ni nani anayeumia zaidi? Si tajiri, ambaye kiatu kikimbana hununua kingine kesho. Anayeumia ni mkulima mdogo wa Kiptere, ambaye malipo yake makubwa ya majani ya chai, yaani bonasi, kwa kawaida huja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Oktoba. Katika fedha hizo hutoa karo, mbolea na deni la duka la kijijini. Kinachobaki hununulia sare na viatu vya shule kabla ya Januari. Hupanda matatu kwenda Sondu au Kericho mjini, na nauli ni fedha pia. Mara nyingi mtoto yuko shuleni, hivyo mzazi hubeba uzi au kijiti alichokikata kwa urefu wa wayo wake. Kijiti husema urefu tu. Hakisemi upana, wala unene wa mguu mahali kamba zinapofungwa. Mtoto akipewa kiatu kinachombana, atakivaa mwaka mzima, maana hakuna kingine. Atapanda na kushuka vilima vyetu katika matope ya masika, malengelenge yakimtoka kisiginoni na kucha ikimwingia katika nyama ya kidole, kisha mwalimu amwulize kwa nini amechelewa.

Wenye maduka hutuambia, "Taja nambari yako, yatosha." Haitoshi. Nambari za Kiingereza huzidiana kwa theluthi ya inchi. Za Ulaya huzidiana kwa theluthi mbili za sentimita. Viatu vya namna zote mbili husimama kwenye rafu moja. Aidha, nambari haisemi lolote juu ya upana, na viwanda viwili vyaweza kuandika sita juu ya viatu visivyolingana. Na mguu wenyewe hubadilika: jioni, baada ya kusimama kutwa, huwa umevimba kidogo kuliko asubuhi. Mtu angeyapimaje haya yote kwa kutazama sanduku?

Jambo la ajabu ni hili. Mitumba ndiyo iliyozuiwa mwaka 2020 kwa hofu ya maradhi; lakini nenda leo kwa mama auzaye mitumba sokoni uone. Atakutandikia kipande cha boksi usimame juu yake, atakupa leso ujifunge huku ukijaribu suruali, na atakuambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba kiatu kile hakikupendezi. Asiye na duka amempa mnunuzi heshima ambayo mwenye duka la vioo amemnyima.

Nakubali kwamba wako wanunuzi wachafu, wanaotia viatu vipya miguu yenye tope na kuziacha nguo nyeupe na alama za jasho. Muuzaji ana haki ya kulalamika juu ya hao. Lakini dawa yake ni kigoda, soksi safi na kitambaa cha kupangusia, wala si marufuku kwa watu wote. Na ikiwa yeye hataki kabisa viatu vyake viguswe, basi akubali virudishwe vikiwa vizima. Achague moja katika hayo mawili.

Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 46, humpa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kutosha na ya habari anazohitaji ili afaidi anachonunua. Nayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa husema kuwa mnunuzi ambaye hakuikagua mali hahesabiwi kuwa ameipokea kwa ridhaa mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya mawakili wa Nairobi peke yao.

Kwa hiyo, mwezi wa Januari ukifika nawe umeongozana na mama au baba kununua viatu, vaa soksi safi, nawa miguu, kisha omba kwa adabu kujaribu vyote viwili, cha kulia na cha kushoto, utembee hatua kumi. Ukikataliwa, uliza kama utaweza kuvirudisha vikikubana. Ukikataliwa hilo pia, mwambie mzazi wako kwa sauti ya kusikika kwamba mwende duka la pili.