Matairi Kwanza, Injini Baadaye

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki wako vijana wengi wanaonunua magari madogo yenye kasi, yaliyokwisha kutumika nchini Japani, na kuyafanyia marekebisho ili yaende kasi zaidi. Miongoni mwa magari yanayopendwa sana ni Subaru Impreza, hasa aina ya WRX, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1992. Kijana akiisha kulipata gari la namna hiyo, fedha yake ya kwanza huipeleka kwenye injini. Ya pili huenda kwenye ekzosi, ili majirani wasikie. Ya tatu huenda kwa fundi wa kukata springi, ili gari lilale chini. Matairi hubaki yale yale yaliyokuja na gari, au hubadilishwa kwa mengine yaliyotumika, mradi kashata zake bado zinaonekana.

Utaratibu huo ni wa kichwa chini miguu juu, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefundishwa vema somo la msuguano anaweza kuuonyesha kosa lake kwa kalamu na karatasi.

Na aanze na karatasi yenyewe. Gari lenye tungamo la kilo 1,400 hubebwa na matairi manne, kila moja likichukua wastani wa kilo 350, yaani kani ya nyutoni 3,430 hivi. Tairi likijazwa upepo wa kilopaskali 220, eneo linalogusa barabara huwa kiasi cha sentimeta za mraba 156, yaani ukubwa wa kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne vikijumlishwa hupatikana sentimeta za mraba 624, ambazo ni sawa kabisa na karatasi moja ya kawaida ya A4. Kila amri anayoitoa dereva, iwe ya kuongeza mwendo, kukata kona au kusimama, hupitia katika eneo hilo dogo. Injini haisukumi gari. Injini huzungusha magurudumu, nayo matairi ndiyo yanayosukuma barabara. Vivyo hivyo breki husimamisha magurudumu tu. Kinacholisimamisha gari ni msuguano kati ya mpira na lami.

Gari likienda kilometa 100 kwa saa, yaani karibu meta 28 kwa sekunde, nishati mwendo yake ni mara nne ya ile ya kilometa 50 kwa saa, kwa kuwa kasi huhesabiwa kwa kipeo cha pili. Kizigeu cha msuguano kikiwa 0.8, kama kilivyo kwa tairi zuri juu ya lami kavu, gari hilo huhitaji meta 49 kusimama tangu breki zinaposhika. Kizigeu kikishuka hadi 0.4, jambo linaloweza kutokea kwa tairi lililokwisha juu ya lami yenye maji, huhitajika meta 98. Hapo haijahesabiwa sekunde moja ya dereva kushtuka, ambayo peke yake hula meta 28. Katika kona yenye nusu kipenyo cha meta 60 hali ni hiyo hiyo: kwa kizigeu cha 0.8 gari laweza kupita kwa kilometa 78 kwa saa kabla ya kuteleza, na kwa 0.4 haliwezi kuzidi 55. Mwalimu awaelekeze wanafunzi waitazame kanuni waliyoitumia. Hawataiona nguvu ya injini mahali popote ndani yake.

Wapo wanaojibu kwamba nguvu ya injini huokoa maisha wakati wa kulipita lori katika barabara nyembamba. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwani muda wa kukaa upande usio wake hupungua. Lakini gari lililolipita lori kwa nguvu nyingi humaliza kulipita likiwa na kasi kubwa zaidi, na deni la kasi hiyo hulipwa na matairi katika kona inayofuata. Abiria aliyeketi nyuma hakushauriwa juu ya deni hilo.

Jambo la springi lastahili kuelezwa kwa kirefu zaidi, maana ndipo upotofu ulipo mkubwa. Kushusha gari kuna maana kisayansi: kitovu cha uzito kikiwa chini, uzito unaohamia magurudumu ya upande mmoja katika kona hupungua, na matairi yote hufanya kazi kwa usawa zaidi. Watengenezaji wa magari ya mbio za barabara laini hufanya hivyo kila siku. Lakini wao huweka springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo pamoja na shokomzoba zinazolingana nazo. Fundi mwenye msumeno hafanyi hivyo. Springi yenye mizunguko minane ikikatwa miwili, ugumu wake huongezeka kwa theluthi moja, kwa kuwa ugumu huenda kinyume cha idadi ya mizunguko iliyobaki. Wanafunzi waweza kulithibitisha hili maabara kwa kuning'iniza uzito kwenye springi nzima, kisha kwenye nusu yake. Wakati huo huo nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka imepunguzwa. Likikutana na tuta, springi humaliza nafasi yake yote na chuma hugonga mpira wa kizuizi. Likiingia shimoni, springi fupi yaweza kulegea katika kikalio chake.

Shokomzoba nayo hufanya kazi isiyoonekana. Ndani yake mafuta hupitishwa kwa nguvu katika matundu madogo, na mtikisiko wa springi hugeuzwa kuwa joto. Ikichoka, au ikifungwa na springi ngumu isiyolingana nayo, gurudumu hurukaruka juu ya barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo. Gurudumu lililo hewani halina msuguano wowote. Ile karatasi ya A4 imekwisha kuchanwa.

Ajabu ni kwamba vijana hao hudai kuiga magari ya Mbio za Safari. Colin McRae alishinda mbio hizo mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns alishinda kwa Impreza mwaka 2000. Magari hayo yaliinuliwa juu, hayakushushwa. Yalifungwa vyuma vya kukinga sehemu ya mbele na bomba refu la kuvutia hewa ili yapite mitoni. Na nguvu yake? Kanuni za mbio za dunia zilibana mdomo wa tabochaja ili injini isizidi sana nguvu za farasi 300, kiasi ambacho kijana wa mjini hukitafuta kwa gari la kwendea kazini. Tofauti haikuwa katika injini bali katika kile kilichokuwa chini yake. Hata kabla ya hapo, mwaka 1974, Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6, na Porsche 911 ya Björn Waldegård, yenye injini kubwa zaidi, ikawa ya pili.

Kuhusu matairi, wengi huvutwa na rimu kubwa. Tairi la 205/55R16 lina ukuta wenye kimo cha milimeta 113 hivi. La 225/40R18 lina milimeta 90. Kipenyo cha gurudumu zima hakibadiliki sana, ila mpira umepungua na chuma kimeongezeka. Katika barabara yenye mashimo, mpira huo uliopungua ndio uliokuwa ukiiokoa rimu.

Injini iachwe mwisho, si kwa sababu ni dhambi kuigusa. Tabochaja husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, petroli nyingi zaidi huchomwa, na joto huongezeka karibu kwa kiasi kile kile cha nguvu iliyopatikana. Rejeta, mafuta ya injini na gasketi havikuulizwa. Zaidi ya hayo, injini nyingi za namna hii ziliandaliwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, yenye oktani karibu na 100. Zikipewa petroli iliyo chini ya hapo na msukumo mkubwa wa hewa, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia, na pistoni huvunjika. Faida yenyewe pia ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: kwa kuwa nguvu inayohitajika kuishinda hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi, kuiongeza injini kutoka farasi 200 hadi 300 hupandisha kasi ya juu kabisa kwa asilimia 14 tu.

Mwalimu asiye na maabara aweza kuwapeleka wanafunzi kwenye gari lolote lililoegeshwa shuleni, wakainama ubavuni mwa tairi. Mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT watakuta tarakimu nne. Zikiwa 2318, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2018. Kisha wapime kina cha mifereji kwa rula. Katika nchi nyingi kikipungua milimeta 1.6 tairi halifai tena kisheria. Waandike majibu ya magurudumu yote manne, wasilisahau la akiba, na kumkabidhi dereva nakala moja.