Tumechukua Vazi la Sayyida Salme, Fungu Lake Tumeliacha



Kazi yangu ni kushona nguo za maharusi, na picha ninayoletewa kila msimu wa ndoa ni ya Sayyida Salme. Kanzu iliyotariziwa, suruali, shela, vito vya shingoni. "Dada, nataka nitoke kama binti mfalme." Mashaallah, vazi lina heshima na mimi napenda kulishona. Lakini leo naomba tumzungumze mwenye nguo.

Salme alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa utotoni akaletwa kuwa suria. Mke mkuu mwenye amri ndani ya nyumba alikuwa Bibi Azza bint Seif, naye hakuzaa. Watoto wa Sayyid Said walizaliwa na masuria, na kwa sheria yetu mtoto wa suria ni mtoto halali, anarithi kama ndugu zake wengine.

Mzee alifariki 1856. Salme alikuwa na miaka kumi na mbili tu, akahesabiwa mtu mzima na akapewa fungu lake: shamba lenye nyumba, pamoja na fedha taslimu. Hakuambiwa, "Wewe utaolewa, waachie kaka zako." Miaka mitatu baadaye mama yake alikufa kwa kipindupindu, akamrithi na yeye.

Sasa niulize. Ni wangapi kati yetu, katika karne hii, tumepewa fungu letu bila kununiwa? Dukani kwangu nasikia mengi. Baba kafa miaka kumi iliyopita, mikarafuu inachumwa kila msimu, dada hajaona hata shilingi. Akiuliza anaambiwa ana mume wa kumlisha. Mwengine mahari yake yamekwisha kwenye ukumbi na chakula, na yeye hakuulizwa. Surat An-Nisaa imetaja wazi kwamba wanawake wana fungu katika wanachoacha wazazi, na kwamba mahari ni haki ya mke. Si hisani ya kaka wala ya mjomba.

Wapo watakaosema kudai mirathi kunavunja udugu. Nyumba ya Sayyid Said ilivunjika kweli, lakini walichogombania Majid na Barghash 1859 kilikuwa kiti cha utawala. Fungu la msichana halikumgombanisha mtu.

Jambo la pili ni kalamu. Mabinti wa kasri walifunzwa kusoma Qur'ani, kuandika hawakufunzwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kisha Barghash alipopanga uasi, mdogo wake ndiye aliyemwandikia barua. Najua kuna wazee watakaosema, "Mnaona? Kalamu imemponza." Mimi nasema kilichomponza ni fitina ya wakubwa waliomtumia mtoto wa miaka kumi na tano.

Tunajua yaliyofuata. Aliondoka Unguja 1866, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani Aden 1867. Hilo linatuuma sisi Waislamu, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Mume alikufa 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki ugenini na watoto watatu wadogo. Hata ile picha mnayoniletea ilipigwa Hamburg, kasri likiwa limeshakuwa mbali naye. Kilichobaki mkononi ni kalamu. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, na ndani yake tunawaona wanawake wa Mtoni wanavyokula, wanavyovaa, wanavyolea. Masuria wangapi wa wakati ule leo hawana hata jina? Jilfidan tunamjua kwa sababu binti yake aliandika.

Basi wewe bi harusi mtarajiwa, kabla ya kuchagua rangi ya hariri, fanya haya. Hakikisha mahari yako yametajwa na kuandikwa kwenye cheti cha ndoa, na yafike mkononi mwako. Jua hati ya nyumba au shamba la wazazi ilipo na imeandikwa jina la nani. Kama mzee amefariki na mirathi haijagawiwa, waombe kaka zako kwa adabu mwende pamoja Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mgawiwe kisheria. Wakikataa, kadhi yupo. Na kila unachokubaliana na mtu kuhusu mali yako, kiandike, kitie tarehe, kiweke mahali pako mwenyewe.

Ukishamaliza, njoo nikupime. Nitakushonea vizuri, inshaallah.