Nani apite, nani abaki mlangoni



Ulizo la juma hili limetoka Katuba, na nadhani ni la wengi wetu. Mama mmoja amenunua modemu ili watoto wake wasome. Kila mwanzo wa mwezi anaweka mega kwa falanga anazopata kwenye meza yake ya sokoni, na siku ya tano au ya sita mega zimekwisha. Nyumbani kuna telefone saba. Jirani wawili wa lupango nao wana neno la siri la wifi, kwa sababu ni jirani wazuri na mtu haoni namna ya kuwanyima. Binti yake mkubwa yuko mwaka wa sita, anajitayarisha kwa Exetat, na kila anapotaka kufungua masomo anakuta hakuna kitu. Mama anauliza kama ile modemu haiwezi kufundishwa nani apite na nani asipite.

Inaweza. Tena ni kazi ambayo ilitengenezwa kwa ajili yake, ila anayetuuzia hatuonyeshi.

Ndani ya kile kisanduku mna chombo ambacho watu wa kazi wanakiita rutere. Kila kitu tunachotuma au kupokea, iwe sauti ya WhatsApp, picha ya harusi au ukurasa wa hesabu, kinakatwa vipande vidogo. Kila kipande kinavaa bahasha. Juu ya bahasha kuna anwani ya anayetuma, anwani ya anayepokea, na namba inayosema ni kazi gani inayofanyika: 443 ni kurasa za intaneti zenye ulinzi, 80 ni kurasa zisizo na ulinzi, 25 ni barua zinazopita kati ya mashini za posta ya intaneti, 53 ni kuuliza anwani ya jina fulani. Rutere inasoma bahasha ili ijue njia. Na kwa kuwa inasoma tayari, mtu aliweza kufikiri: basi tuipe karatasi, iwe inasoma na kuamua.

Karatasi hiyo ndiyo orodha ya ruhusa. Iko sawasawa na ile ya sentinele kwenye lango la kampuni ya mugodi. Gari inafika, sentinele anasoma karatasi yake kuanzia mstari wa juu. Akifika kwenye mstari unaofanana na gari ile, anafanya kama ulivyosema, na hasomi mbele tena. Tuseme nyumba ya mama wa Katuba imeandikwa hivi:

Telefone ya mama: ipite.
Ordinatere ya masomo: ipite.
Telefone za watoto: zipite mpaka saa 21.
Wengine wote: wakatazwe.

Sasa chukua ule mstari wa nne uuweke juu. Maneno ni yale yale, hakuna hata moja lililobadilika, lakini hakuna mtu atakayepita, hata mama mwenyewe aliyelipa. Rutere imekuta "wengine wote" kwanza, imetii, imefunga kitabu. Ninawafundisha watoto sarufi kila siku na bado sijaona fasi nyingine ambako mpangilio wa mistari una nguvu kama hapa.

Kuna jambo lingine linalowasumbua hata wanaofanya kazi hii kwa mshahara. Kwenye rutere kubwa za maofisi, ule mstari wa mwisho upo hata kama hukuuandika. Ukiandika orodha ya mstari mmoja tu, "telefone ya jirani ikatazwe", ukadhani wengine watapita kama zamani, nyumba nzima inanyamaza. Asiyetajwa amekataliwa. Inabidi uandike wazi kwamba waliobaki wapite.

Wenye binti wanaosoma mambo ya mitandao, kwa mfano kwenye ESIS Salama hapa kwetu, watawasikia wakitaja orodha namba 1 mpaka 99 na orodha namba 100 mpaka 199. Hizo ni namba za rutere za Cisco. Za kwanza ni sentinele mvivu kidogo: anauliza tu unatoka wapi. Za pili zinauliza unatoka wapi, unaenda wapi, na kufanya nini. Kwa hiyo fasi ya kuziweka si moja. Yule wa kuuliza mambo yote unamweka karibu na anapotoka msafiri, asije akatembea njia yote bure halafu arudishwe. Yule mvivu unamweka karibu na mlango unaolindwa, kwa sababu ukimweka mwanzoni atamzuia mtu kwenda hata kule alikokuwa na haki ya kwenda.

Turudi nyumbani. Modemu zetu ndogo hazina orodha ndefu hivyo, lakini nyingi zina kitu. Chini ya kisanduku kuna karatasi iliyobandikwa yenye anwani, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Uiandike kwenye telefone fasi ya kuandika anwani za intaneti, itakufungulia ukurasa wa modemu yenyewe. Humo tafuta maneno "Filtrage MAC" au "Contrôle parental". MAC ni namba ya kifaa chenyewe, herufi na tarakimu 12 zilizoandikwa mbili-mbili, kama jina la ubatizo la telefone.

Lakini vijana wametutangulia. Telefone za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu mwaka 2020, zinaweza kuvaa MAC ya bandia kwa kila wifi. Ilifanywa kwa nia nzuri, ili maduka na viwanja vya ndege wasikufuate kila unapokwenda. Matokeo yake ni kwamba ukiandika "telefone ya Fulani ikatazwe", Fulani anaweza kubadilisha namba na kurudi kama mgeni mpya. Kwa hiyo usiandike orodha ya wanaokatazwa. Andika orodha ya wanaopita, wote waliobaki wakae nje. Atakayebadilisha jina atajifungia mwenyewe, na atakuja kukuomba. Uwaambie wa nyumbani wazime ile MAC ya bandia kwa wifi yenu tu, kwingine waiache.

Ukiweka masaa, angalia saa ya modemu. Sisi wa Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa, na modemu iliyopangwa kwa saa ya Kinshasa itafunga saa 22 yetu wakati wewe uliandika 21. Tena umeme ukikatika, modemu nyingi zinasahau saa mpaka zipate intaneti tena. Mtoto anayejua hilo hakosi sababu ya kuchomoa waya.

Na picha mbaya je? Hapa orodha ya mlango ina mpaka wake, na afadhali niseme wazi kwa sababu kuna wanaouza "modemu salama" kwa maneno matamu. Rutere inasoma bahasha, barua ya ndani haiioni. Siku hizi barua karibu zote zimefungwa kwa ufunguo. Inaweza kukataa WhatsApp yote au kuipitisha yote. Haiwezi kutambua kwamba ndani ya WhatsApp kuna mtu mzima asiyejulikana anayemwandikia binti yako wa miaka 13. Hiyo inajulikana kwa kukaa naye na kuongea naye, na kwa yeye kujua kwamba akikuonyesha ujumbe hutamnyang'anya telefone. Mtoto anayeogopa kunyang'anywa hataonyesha kitu.

Kwa kurasa za aibu kuna msaada mmoja wa bure. Mahali modemu inapoandika anwani ya DNS, yaani kitabu cha majina cha intaneti, unaweza kuandika 1.1.1.3. Hicho ni kitabu ambacho kampuni ya Cloudflare ilikitoa mwaka 2020 kwa ajili ya familia. Kurasa za uchafu zimeondolewa humo, mtoto akiuliza jina anaambiwa halipo. Kama modemu yako ina orodha nzuri, ongeza mistari miwili: wanaouliza kitabu hicho kupitia namba 53 wapite, wanaouliza kitabu kingine kupitia 53 wakatazwe. Bila mstari wa pili, kijana ataandika kitabu kingine kwenye telefone yake na kazi yako imekwisha. Atakayetafuta atapata njia nyingine hata hivyo, VPN zipo. Kwa mtoto wa miaka minane inatosha kabisa. Kwa wa miaka kumi na saba, ni mazungumzo.

Kabla ya hayo yote, badilisha neno la siri la modemu yenyewe, si lile la wifi tu. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani kama "admin" kwenye modemu na kamera za watu, na yaliyokubali ikayageuza watumwa wake. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule, ndugu yake mmoja aligonga mlango namba 7547 wa modemu za Ujerumani, mlango ambao kampuni hutumia kuzirekebisha toka mbali, na nyumba karibu 900,000 zikakosa mawasiliano. Mlango ule ungekuwa na karatasi inayosema nani tu ana haki ya kuugonga, wageni wasingeufikia.

Kuna jambo moja ambalo modemu haiandiki, ni sisi tunaoliandika. Mega zikiwa chache, orodha inapunguzwa, na katika nyumba nyingi ninazozijua anayeondolewa kwanza ni binti. Kijana anabaki kwa sababu "ana kazi ya masomo". Binti anaambiwa kuna sahani za kuosha, atasoma kesho. Ninasahihisha vitabu vyao wote wawili. Ninaona kwenye kitabu ni wa nani alipata ukurasa na ni wa nani hakupata. Mama mwenye kuandika orodha ana kalamu mkononi, na saa za Exetat hazitofautishi mvulana na msichana. Kama kuna nafasi ya ordinatere moja usiku, pangeni zamu, iandikwe, ibandikwe ukutani karibu na modemu.

Ninasisitiza iandikwe na ibandikwe kwa sababu sisi tumekwisha kukaa upande wa pili wa orodha. Mwezi wa kumi na mbili 2016 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliwataka wenye mitandao wafunge njia za kubadilishana picha na ujumbe kwenye Facebook, WhatsApp na nyingine. Mwezi wa nane 2017 iliamuru uwezo wa kutuma picha upunguzwe. Na tangu tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku ishirini. Mama aliyekuwa na mtoto Kolwezi au ndugu Ulaya anakumbuka zile siku. Waliokata walisema ni kwa ajili ya usalama. Sisi hatukuona karatasi, hatukujua mstari gani ulituhusu, hatukujua utafutwa lini. Watoto wetu wakifungiwa bila kuambiwa wanajisikia vile vile. Wasomee orodha. Wajue saa, wajue sababu, wajue wanaweza kuomba mstari ubadilishwe.

Kuhusu jirani, mama wa Katuba, sikushauri uwafukuze. Kama modemu yako ina "wifi ya wageni", ifungue, iwekee neno lake la siri, mpatane kwamba nao wananunua mega mara moja kwa mwezi, na uiwekee mwisho saa 18, wakati binti anapoanza kusoma. Kama haina, waingize majina yao kwenye orodha ya wanaopita kwa masaa ya mchana. Na zima kwenye telefone zote saba video zinazojicheza zenyewe, na programu zinazojibadilisha zenyewe kupitia wifi. Mega zako nyingi zilikuwa zinaondokea humo, si kwa jirani.

Jumamosi baada ya mkutano wa kikundi nitabaki. Anayetaka kuandika orodha yake aje na modemu, waya wake wa umeme, na telefone za nyumbani ikiwezekana, ili tunakili namba za MAC. Wenye kisanduku cha zamani kisicho na karatasi chini waje pia, tutaitafuta anwani yake pamoja.