Anayeshinda ni moja, waliotumika ni wengi

Tarehe 1 Julai 2024, mu Tour de France, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda etape ya Turin. Mbele yake hakuna Mwafrika mweusi aliyefanya vile. Tulipiga makofi, na ni haki.

Lakini ndugu zangu, tusiangalie wa mbele peke yake. Njia ilipita kilometa 230. Wenzake wa ekipe ndio walimufichia upepo, walimuletea maji, walimufungulia nafasi. Yeye alijitupa mbele mu metre za mwisho tu. Kiisha, jina iliandikwa moja.

Sasa, wale watu wa kinga wako na desturi nzuri: feza ya ushindi inawekwa pamoja, ekipe inagawanya. Ata mwenye kufika nyuma kabisa anapata yake.

Kwetu ku mashimo kuko mwenye kuchimba, mwenye kuvuta kamba, mwenye kubeba mifuko, na mwenye kwenda kuuza. Mara mingi huyu wa kuuza anarudia na bei yenye anajua yeye tu. Ninasema: karatasi ya kilo isomwe mbele ya wote, na feza igawanywe siku ile ile. Kuko watoto wanaongojea nyumbani.