Kufunika si Kuzima

Aghalabu tumalizapo kazi hufunika kipakatalishi na kuinuka, tukidhani kimezimika. La, kimelala tu. Katika hali ya slipu, yaani usingizi mwepesi, kazi yetu husalia kwenye kumbukumbu ya muda, nayo hula betri kidogo kidogo. Betri ikiisha, kazi isiyohifadhiwa huweza kupotea.

Ndivyo yalivyotufika. Hesabu za chama chetu cha kina mama, kazi ya saa tatu, tuliziacha wazi jioni. Umeme ukakatika usiku kucha, na asubuhi hatukukuta kitu. Fedha za watu ni amana, na hesabu zake pia ni amana.

Tangu hapo tumeshika mambo mawili. Kwanza, kuhifadhi kabla ya kufunika. Pili, tukiondoka kwa muda mrefu, huchagua haibaneti, usingizi mzito: kazi huandikwa kwenye diski, na betri karibu haitumiki. Katika Windows aghalabu chaguo hilo limefichwa. Huwashwa kwenye mipangilio ya umeme, mahali pa kuchagulia kazi ya kitufe cha kuzimia.

Watoto wetu nao tuwafunze: kufunika si kuzima.